Somo la Afya: Damu Isigande, Damu Isimwagike

KWA KIONGOZI WA KIKUNDI

Somo hili ni la mkutano mmoja ama miwili. Mtu mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Mkifika kwenye maswali, simameni mjadiliane kwanza kabla ya kuendelea. Wazee wenyewe wawepo. Tusiwazungumzie kana kwamba hawapo.

Tukimaliza, kila mwanakikundi aweze kueleza mambo matatu: kwa nini mzee aliyepatwa na mshtuko wa moyo hupewa dawa za kuzuia damu kuganda; kwa nini dawa hizo hizo zinaweza kumdhuru; na sisi wa nyumbani tufanye nini ili zimfae.

HADITHI YA KUANZIA
(Imetungwa kwa ajili ya somo.)

Mzee mmoja wa miaka 78 alikuwa akikaa na mwanawe huko Umoja, ghorofa ya tatu. Usiku mmoja aliamka anatoka jasho, pumzi fupi, mwili umelegea. Kifua hakikumuuma sana. Akasema, "Ni tumbo tu, mwanangu. Nilikula maharagwe." Akapewa soda ili acheue. Kulipopambazuka ndipo wakampeleka hospitali. Daktari akasema ni mshtuko wa moyo. Akalazwa, akatibiwa, na baada ya siku saba akarudi nyumbani na mfuko wa dawa.

Wiki ya tatu mzee akaona damu kidogo kwenye ufizi akipiga mswaki, na alama za bluu mkononi. Jirani akamwambia, "Mzee, hizo dawa zinakumaliza damu. Si uziache kidogo upumzike?" Akaziacha bila kumwambia mwanawe. Tena alijua bei yake, na hakutaka kuwa mzigo. Siku ya tisa moyo ukamshika tena. Safari hii hakurudi.

Mtaa huo huo alikuwako shosho wa miaka 76 mwenye ugonjwa ule ule. Yeye alimeza kila kidonge bila kukosa. Lakini magoti yalimsumbua, na mjukuu wake akamnunulia dawa ya maumivu kwa kemisti. Baada ya siku chache choo chake kikawa cheusi. Aliona haya kusema. Siku ya tano akaanguka bafuni. Hospitalini walikuta tumbo linavuja damu. Akaongezewa damu, akapona.

Mmoja damu iliganda, mwingine damu ilimwagika. Dawa ni zile zile.

Maswali ya kwanza:
– Jirani alikosea wapi? Je, alikuwa na nia mbaya?
– Kwa nini shosho hakusema mapema? Kwetu nyumbani, mzee anaweza kumwambia nani jambo kama hilo?

1. NI NINI HUTOKEA NDANI YA MOYO

Moyo ni pampu ya nyama. Unasukuma damu mwili mzima, lakini wenyewe pia unahitaji damu. Damu hiyo inaletwa na mishipa myembamba iliyouzunguka moyo kwa nje.

Fikirieni paipu ya maji ya plot ya zamani. Kwa miaka mingi kutu hujijenga ndani yake. Katika mishipa ya moyo kinachojijenga ni mafuta na uchafu mgumu, na huongezwa haraka na sigara, presha, kisukari na uzito. Maji bado yanapita, kwa hiyo mtu hana habari.

Halafu siku moja ile kutu inapasuka. Damu ikipita pale inadhani imekuta kidonda. Hufanya kazi ile ile inayofanya ukijikata na kisu jikoni: chembe zake ndogo zinashikana, nyuzi zinazifunga, linatokea donge la damu iliyoganda. Kwenye kidole donge hilo ni baraka. Ndani ya mshipa wa moyo ni msiba, kwa sababu linaziba njia. Nyama ya moyo iliyo mbele yake inakosa hewa na kuanza kufa. Mshipa ukizibwa wote, hatari ni ya dakika na saa. Ukizibwa nusu, bado ni hatari, kwa maana donge linaweza kukua wakati wowote.

Ndiyo sababu dawa ya kwanza si ya maumivu wala ya presha. Ni ile ya kuzuia donge lisikue.

2. USISEME NI UGONJWA WA WENGINE

Kuna wanaosema bado kwamba huu ni ugonjwa wa matajiri ama wa Wazungu. Zamani maneno hayo yalikuwa na ukweli ndani yake. Mwaka 1959 A. G. Shaper na K. W. Jones, waliofanya kazi Kampala, waliandika katika jarida la Lancet kwamba ugonjwa huu karibu haukuwapo kabisa kati ya Waafrika wa Uganda, ilhali Waasia wa nchi hiyo hiyo waliugua.

Lakini maisha yamebadilika. Mwaka 1990 Neil Poulter na wenzake walichapisha habari za Waluo waliotoka mashambani magharibi mwa Kenya wakaja kukaa Nairobi. Waliwapima waliohama, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Presha ya waliohama ilikuwa imepanda mapema, katika miezi ya kwanza tu ya kuishi mjini. Chumvi waliyokula ilikuwa nyingi zaidi.

Sasa hesabuni. Vijana waliokuja mjini miaka ile kutafuta kazi, wakapanga chumba Kaloleni, Maringo, Bahati ama Dandora, leo ndio wazee wetu. Wengine wako bado Eastlands na watoto wao. Wengine wamestaafu wamerudi mashambani. Kwa hiyo somo hili ni la kikundi cha mtaani na pia cha kijijini.

3. KWA MZEE, DALILI HUJIFICHA

Kijana hushika kifua na kusema kinabana kama kimewekewa jiwe, na maumivu yanaenda mkono wa kushoto, shingo ama taya. Mzee anaweza asiseme hivyo, hasa akiwa mwanamke ama mwenye kisukari. Angalieni haya yakija ghafla:
– kukosa pumzi, hata akiwa ameketi;
– jasho la baridi;
– kichefuchefu ama "gesi" isiyo ya kawaida;
– kulegea mwili ama kuzirai;
– kuchanganyikiwa kwa mzee ambaye jana alikuwa na akili timamu.

Mzee aliyezoea kupanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, na leo anasimama mara tatu njiani, msimwambie ni uzee tu.

4. SAA YA KWANZA

Mkishuku ni moyo, msingoje kupambazuke. Mketisheni, asitembee. Mmoja atafute gari, na mwingine atafute aspirini.

Aspirini kidonge kimoja cha miligramu 300, ama vinne vidogo vya miligramu 75, akitafune kabla ya kumeza. Kutafuna hufanya dawa iingie kwenye damu haraka. Msimpe ikiwa aspirini humletea madhara makali, kama kubanwa na pumzi ama kuvimba. Ikiwa anatapika damu ama choo ni cheusi. Ama ikiwa mdomo umepinda na mkono mmoja umelegea. Hiyo ya mwisho ni dalili ya kiharusi, na huenda damu inavuja kwenye ubongo.

Mkifika, mwambieni daktari au muuguzi saa dalili zilipoanza, na kwamba amekwisha kupewa aspirini.

Kidonge hicho cha bei ndogo msikidharau. Mwaka 1988 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uitwao ISIS-2, wa wagonjwa 17,187 wa mshtuko wa moyo. Walipewa aspirini kwa mwezi mmoja ama kidonge kisicho na dawa. Baada ya wiki tano, katika kila wagonjwa 1,000 waliopewa aspirini, kama 24 zaidi walikuwa hai.

5. HOSPITALINI WATAFANYA NINI

Kwanza watapima umeme wa moyo kwa mashine iitwayo ECG, na kupima damu. Kisha kulingana na hali watatumia dawa za aina tatu. Tuzijue kwa majina, maana ndizo zitakazoandikwa kwenye karatasi.

Vidonge vya kuzuia chembe zisishikane. Aspirini ni ya kwanza. Ya pili mara nyingi ni klopidogreli. Ziko nyingine zenye nguvu zaidi, tikagrelori na prasugreli.

Sindano za kuzuia nyuzi zisifunge donge. Hizi ni heparini ama enoksaparini, na hutolewa siku za hospitali tu.

Dawa za kuyeyusha donge lililokwisha kuziba. Streptokinasi, alteplasi na tenekteplasi ni za jamii hii. Hutolewa kwa wale ambao mshipa umezibwa wote, ndani ya saa 12, na kadiri zinavyotolewa mapema ndivyo zinavyosaidia. Mahali penye vifaa, daktari anaweza badala yake kupitisha waya mwembamba hadi kwenye mshipa, akaufungua kwa puto dogo na kuacha stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma kinachoshikilia njia isifunge tena.

6. MIZANI YA MZEE

Dawa zote hizi zina upande wa pili. Kinachozuia donge kwenye moyo kinazuia pia donge pale unapolihitaji: tumboni, puani, kwenye ubongo. Mwaka 2001 utafiti uitwao CURE, wa wagonjwa 12,562, ulionyesha mizani hiyo wazi. Kuongeza klopidogreli juu ya aspirini kulipunguza vifo vya moyo, mishtuko na viharusi kwa watu kama 21 katika kila 1,000. Lakini watu kama 10 katika 1,000 walipata kuvuja damu kubwa zaidi. Faida ilikuwa kubwa kuliko hasara, ila hasara ilikuwapo.

Kwa mzee pande zote mbili za mizani ni nzito. Moyo wake uko katika hatari kubwa zaidi, kwa hiyo dawa inamfaa sana. Lakini pia figo zimechoka na hazitoi dawa haraka, uzito umepungua, tumbo ni laini, mishipa ya ubongo ni dhaifu, na anaweza kuanguka. Tena huenda anameza dawa nyingine nyingi.

Je, basi mzee asipewe? La. Kumnyima kwa sababu ya umri peke yake ni kumwacha afe na ugonjwa unaotibika. Anapewa, lakini kwa kipimo chake:

– Enoksaparini hupunguzwa kwa aliyepita miaka 75, na figo hupimwa.
– Katika utafiti wa STREAM uliotangazwa 2013, tenekteplasi ilipunguzwa nusu kwa wenye miaka 75 na zaidi, baada ya kuonekana damu ikivuja kwenye ubongo.
– Prasugreli kwa kawaida haipewi aliyepita miaka 75, ama hupewa kwa kipimo kidogo.
– Uholanzi, katika utafiti wa POPular AGE uliotangazwa 2020, wagonjwa 1,002 wenye miaka 70 na zaidi walilinganishwa. Waliopewa klopidogreli walivuja damu 18 katika 100, na waliopewa dawa zenye nguvu zaidi, hasa tikagrelori, 24 katika 100. Na hawakuonekana kupoteza kinga ya moyo kwa kutumia ile ya kawaida.

Hili ni jambo la kututia moyo. Klopidogreli ndiyo rahisi zaidi kupatikana kwetu, na kwa wazee wengi ndiyo inayofaa vilevile. Dawa ghali si lazima iwe bora kwa mzee wako.

7. AKIRUDI NYUMBANI

Hapa ndipo kazi yetu inapoanza. Mara nyingi mzee hutoka na aspirini ya miligramu 75 hadi 100 kwa siku, pamoja na klopidogreli miligramu 75. Mbili hizo huendelea kwa mwezi mmoja, mitatu, sita ama kumi na miwili, kadiri daktari anavyopima hatari. Kisha inabaki moja, kwa kawaida ya maisha.

(a) Muulize daktari: "Hizi mbili ni hadi lini, na itakayobaki ni ipi?" Andika tarehe.

(b) Asiache hata siku moja kwa ushauri wa jirani. Aliyewekewa stenti akiacha mapema, damu inaweza kuganda ndani yake, na wengi huwa hawaponi. Miezi ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi.

(c) Akisahau, asimeze mara mbili siku inayofuata.

(d) Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki ziwekwe mbali. Dawa nyingine za kichwa za dukani zina aspirini ndani yake, kwa hiyo muulize mwenye kemisti. Kwa magoti, parasetamoli kwa kipimo chake ni salama zaidi. Miti shamba pia itajwe kwa daktari, bila kuona haya.

(e) Mwulize daktari kuhusu dawa ya kulinda tumbo. Kwa anayemeza klopidogreli, pantoprazoli ni nzuri kuliko omeprazoli, kwa kuwa omeprazoli hupunguza nguvu ya klopidogreli. Msijinunulie tu.

(f) Akitaka kung'oa jino ama kupasuliwa, aseme dawa anazomeza kabla, na daktari wa moyo aulizwe.

(g) Ondoeni vya kumwangusha: mkeka unaoteleza, giza njiani kwenda choo, ngazi isiyo na kishikizo.

Presha nayo ifuatwe. Presha ya juu pamoja na dawa hizi huongeza hatari ya damu kwenye ubongo.

8. DAMU KIDOGO NA DAMU YA HATARI

Alama za bluu kwenye ngozi na damu kidogo ya ufizi ni za kawaida. Mwambieni daktari kliniki ijayo, dawa ziendelee. Lakini nendeni hospitali siku hiyo hiyo mkiona haya:
– choo cheusi kama lami, ama chenye damu;
– kutapika damu ama kitu kama majani ya kahawa;
– damu ya pua isiyokoma baada ya kubana dakika kumi;
– mkojo mwekundu;
– ameanguka akagonga kichwa, hata kama anasema yuko sawa;
– maumivu makali ya kichwa ya ghafla, ulimi mzito, mkono kulegea;
– uso kupauka, kizunguzungu, kuchoka kuliko kawaida.

Bebeni dawa zote. Daktari ndiye ataamua ipi isimame na ipi iendelee.

9. ASPIRINI SI YA KILA MZEE

Baada ya somo hili mtu asitoke akamnunulie babake aspirini ya kila siku "kwa kinga". Mwaka 2018 utafiti wa ASPREE, wa watu 19,114 wa Australia na Marekani, wengi wenye miaka 70 na zaidi na wasio na ugonjwa wa moyo, ulionyesha kwamba aspirini ya kila siku haikuwaongezea maisha yenye afya. Iliwaongezea kuvuja damu. Mwenye kupata faida ya kila siku ni yule ambaye moyo ama mishipa yake imekwisha kuugua. Kwa mzima, kinga ni kuacha sigara, kupunguza chumvi, kutembea, na kutibu presha na kisukari.

10. KAZI YA KIKUNDI CHETU

Familia moja peke yake huchoka. Kikundi kinaweza kufanya haya bila mfadhili:

Kadi ya mzee. Karatasi ngumu yenye jina, umri, majina ya dawa na kipimo, tarehe ya kuacha dawa ya pili, kama ana stenti, na simu ya mwanawe. Ikae mfukoni mwake.

Mfuko wa dawa. Katika merry-go-round yenu, tengeni fungu dogo la kila mwezi ili dawa ya mzee isikatike. Mzee wa hadithi yetu aliogopa kuwa mzigo. Mfuko ukijulikana ni wa wote, hataogopa.

SHA. Tangu Oktoba 2024 bima ya SHA imechukua mahali pa NHIF. Hakikisheni kila mzee amejiandikisha, kwa *147# ama kwa msaada wa mhudumu wa afya ya jamii. Ulizeni hospitalini ni gharama zipi inalipa.

Kujua njia. Wawili watumwe waulize: kituo kipi karibu kina mashine ya ECG, na usiku je? Watu wa Umoja na Kayole waulize Mama Lucy Kibaki. Waulize pia mgonjwa hupelekwaje Kenyatta akihitaji rufaa. Nani ana gari mtaani, na Jogoo Road ikifunga mtapita wapi? Majibu yapatikane kabla ya usiku wa hatari.

Safari ya mashambani. Mzee akirudi nyumbani, abebe dawa za siku zote pamoja na wiki mbili zaidi, na nakala ya karatasi ya hospitali. Kikundi cha kijijini kijulishwe, na mtu mmoja awe wa kumwangalia.

MASWALI YA KUJADILI

– Ni wazee wangapi katika kikundi chetu wanameza aspirini sasa? Nani aliwaanzishia, na kwa sababu gani?
– Dawa zikikatika, ni kwa sababu ya bei, kusahau, ama maneno ya watu? Tufanye nini kwa kila moja?
– Nani ataanza kuandika kadi, na zitakuwa tayari lini?

KUMBUKA: Mzee asinyimwe dawa kwa sababu ni mzee, wala asiongezewe bila kupimwa. Asiache mwenyewe, na asifiche damu. Kabla ya mkutano kufungwa leo, chagueni mzee mmoja mtakayemtembelea wiki hii, mkae naye na mfuko wake wa dawa, mfungue kimoja kimoja.